Mti Uliomgeuzia Mgeni Ubavu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguzeni moto kwanza. Leo tunamkumbuka fundi bustani mmoja. Mtaa mzima ulimwita Bwana Msafiri. Nasema mapema tusije tukachanganyana: Bwana Msafiri hakusafiri popote. Alizaliwa, akaoa, akazeeka na akafariki katika mtaa uleule. Jina alipewa na miti.

Miti gani? Miti ya msafiri. Mnaijua. Mti ukiwa mchanga utaapa kwamba ni mgomba. Ukikua, majani yanajipanga upande huu na upande huu, bapa, kama karata mkononi mwa mchezaji. Watu husema msafiri mwenye kiu hupata maji kwenye vikonyo vya majani yake, ndipo jina lilipotoka. Marehemu alipenda kuongeza kwamba mbu nao wanayajua maji hayo. Basi hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kupanda mti wa msafiri kwenye bustani za nyumbani.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi, maana hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Mti huu ni bapa. Ukiutazama kwa mbele, unaona feni nzima. Ukiutazama kwa ubavu, unaona nguzo. Kwa hiyo marehemu akiitwa kupanda, hakuanza na jembe. Alivua viatu, akaingia sebuleni, akauliza: "Mgeni hukaa wapi hapa?" Akionyeshwa kiti, anakikalia. Anatazama dirishani. Hapo ndipo anatoka kuchimba shimo, mbali na ukuta, na kuugeuza mche mpaka feni imtazame mgeni. Baadaye alirudi mara kwa mara kung'oa machipukizi, kwa sababu ukiyaacha, feni inakuwa kichaka. Nyumba zote alizozihudumia zilifuata sheria hiyo moja: feni humtazama mgeni.

Nyumba zote isipokuwa ya kwake.

Nilipokwenda kutoa pole, na kinasa sauti mkononi kwa ajili ya kipindi hiki, nilikaribishwa kwenye kiti cha wageni. Nikatazama dirishani. Nikaona nguzo. Nikajisemea, haya, mganga hajigangi. Lakini mjane wake alikuwa ananiangalia.

"Unatafuta nini, mwanangu? Utajivunja shingo bure. Feni si yetu. Feni ni ya jirani."

Jirani mwenyewe ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja kubwa, linatazama ubavu wa nyumba ya marehemu. Na mti wa marehemu, wasikilizaji, unalitazama dirisha hilo kwa uso mzima. Mtaa ulisema uliyoyasema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mjane hakumung'unya maneno. "Mwaka niliougua ndio mwaka aliouleta. Wala haukuwa mche. Ulikuja mti mzima, mrefu kuliko mlango, juu ya mkokoteni, wanaume wanahema. Mimi nimelala ndani nahesabu mabati, yeye anampambia mwenzangu dirisha."

Ugonjwa huo mama ameniruhusu kuutaja. Dawa zilimpukutisha nywele zote. Kichwa kikamwasha, hata kitambaa hakuweza kukivumilia. Kila alasiri alitoa kigoda akakaa ubavuni mwa nyumba, penye kivuli, kichwa wazi. Alimwapisha mumewe asimwambie mtu yeyote, hata ndugu zake. "Nikisikia pole ya mtu mmoja tu, narudi kwetu." Mume akaapa.

Nikamuuliza, kwani hukumuuliza sababu ya kuuelekeza kule? Alimuuliza. Mara ya kwanza alijibiwa ni upepo, eti feni ikiukinga upepo majani huchanika. Mara nyingine akaambiwa mti umejigeuza wenyewe. Mara nyingine bwana aliuliza kama chai ipo.

Mdogo wake marehemu alikuwa ameketi mlangoni ananoa panga. Akadakia: "Mimi aliniambia alikosea kupima. Kaka! Akosee! Nilicheka mpaka machozi."

Panga la nini? La mti. Mjane alikuwa amemwomba shemeji yake aukate siku hiyohiyo, kabla watu wa msiba hawajatawanyika. "Nataka washuhudie," alisema. "Mume wangu nimemzika kwa heshima zote. Lakini mti huo sizeeki nao."

Nilijaribu kutuliza mambo. Nikasema, mama, pengine jirani ana la kusema. Ndipo nilipochokoza nyuki.

"Yule? Yule alikuwa ananiona kwa macho yake, nimekaa pale kama kuku aliyenyonyolewa! Mwaka mzima hakuvuka hata siku moja kunijulia hali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule anakaa karibu tu, jirani si jirani."

Kumbe jirani alikuwa jikoni palepale, anaosha vyombo vya wageni. Akatoka na mikono inachuruzika maji. Hakuyasikia yote, lakini la mti alilisikia.

"Mti ni wangu mimi? Mama, mti huo umenifungia mwanga! Nashona na taa mchana kweupe. Nilimwomba marehemu aukate mpaka nikaona haya. Kila siku jibu moja: 'Vumilia jirani, mke wangu anaupenda mno.'"

Wasikilizaji wapendwa, nilizima kinasa sauti. Nirudie, maana mimi mwenyewe nilihitaji kurudiwa. Mke alidhani mti ni wa jirani. Jirani alidhani mti ni wa mke. Hakuna aliyeutaka. Sasa huyu bwana alimpandia nani?

Mjane akasema kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo hata nilivyougua hukuja kuniona, kisa mwanga?"

Fundi cherehani akamtazama. "Uliugua? Lini?"

Panga likaacha kunolewa. Mdogo wa marehemu naye ndiyo kwanza anasikia habari ya ugonjwa, mdomo wazi.

Kisha mjane akauliza swali la ajabu. "Wateja wako hukaa wapi?"

"Kwenye benchi. Pale dirishani."

Akainuka. Akatoka. Sisi wote nyuma yake, kama vifaranga. Akaingia chumba cha kushonea, katikati ya vitambaa na uzi, akakaa kwenye benchi la wateja. Akatazama nje. Mimi nikainama nyuma yake nitazame anachokitazama.

Feni nzima. Majani tu, kutoka ukingo mmoja wa dirisha hadi mwingine. Ubavu wa nyumba ya pili hauonekani. Pale penye kivuli, alipokuwa akiweka kigoda chake, hapaonekani. Ungeweza kukaa kwenye benchi lile mwaka mzima ukisubiri suruali yako, usijue kwamba hatua chache kutoka hapo kuna mwanamke anaumwa.

Hiyo ndiyo sababu? Sijui. Marehemu hakuacha neno. Mdogo wake bado anasema pengine ni upepo kweli. Na mama alipona, wasikilizaji. Nywele ziliota. Kwa nini basi mti ulibaki, mke amenuna huku, jirani anashona na taa kule, na mwenye mti katikati, anang'oa machipukizi, kimya? Kiapo huwa kinaisha lini? Hayo ni mapenzi au ni ubishi? Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Pale benchini mjane alilia. Halafu akakasirika. Halafu akacheka, na mimi sikujua nimpe pole ya lipi. "Miaka yote hiyo nimemnunia kwa kosa lisilo lake," alisema. "Naye ananiangalia tu! Kinywa si alikuwa nacho?"

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na panga lake, hajui aliweke wapi. "Sasa shemeji, tunakata au hatukati?"

"Gusa jani moja uone."

"Na mwanga wangu?" fundi cherehani akauliza.

Mjane akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa alichokiokota chini. "Tutaisogeza cherehani upande wa mlangoni. Shika huko, mimi nashika huku." Wakaibeba wote wawili.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa mdogo wa marehemu, na kwa mtaa wote uliopendezeshwa na mikono ile, sisi hapa studio tunawapa mkono wa pole. Mungu awashike pale panapouma. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna swali ambalo umejijibu mwenyewe kwa niaba ya mtu mnayekaa nyumba moja, nenda kamuulize wakati bado anaweza hata kukujibu uongo.

Marehemu alikuwa msikilizaji wetu wa kila jioni. Kwa hiyo mjane amenituma nimfikishie maneno yake hapahapa hewani, nami nayafikisha kama yalivyo: "Mwambie nimeona. Halafu mwambie bado nimenuna."