Maji ya Kilio Hayaombewi Ruhusa

Tarehe 31 Julai 2025, Papa Adalbert Mumba anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika huduma ya maji ya serikali hapa Lubumbashi. Uongozi ulituomba sisi wafanyakazi wenzake tumwandikie maneno mazuri na tusiguse habari za kampuni iliyowekwa juu yetu. Maneno mazuri yapo. Hilo la pili limetushinda.

Papa Adalbert, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga, aliingia kazini mwaka 1991 kuchimba mitaro. Baadaye alikabidhiwa vali za Katuba, moja ya wilaya za mji tunazoziita komuni; vali ni vyuma vinavyofungua na kufunga maji ya kila mtaa. Maji hayatoshi watu wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtaa una zamu. Zamu ikichelewa, akina mama hawakwenda ofisini. Walipanga bidoni, yaani madumu ya maji, tupu mbele ya lango la nyumba yake, na mkewe, Mama Madeleine, akaziruka kwenda misa huku akisema wana haki.

Penye kilio hakuna zamu. Hiyo ni desturi aliyoikuta kazini akaishika: familia ikifiwa, mtaa wake unafunguliwa siku hiyo hiyo, maana watu wanalala pale, wanapikiwa, wanaoga. Siku moja aliona turubai na viti barabarani, akavua kofia, akafungua maji. Kumbe ni ndoa! Wakwe walimkalisha mbele, wakamjazia bukari, ugali wetu, na samaki, na mpaka leo yumo kwenye picha ya familia na uso wake wa msiba.

Mwaka jana Katuba ilipewa kampuni binafsi kutoka Ulaya kwa majaribio, na sisi tukawekwa chini yake. Tuseme ukweli: ilileta pampu mpya, na mabomba yetu yalikuwa yanavuja vibaya. Kwenye mkutano wa komuni, Papa Adalbert aliitwa aikaribishe kwa niaba ya wafanyakazi. Alisimama akasema: "Mayi ikikosekana, bamama banakuya kunigombeza ku mulango yangu. Sasa kampuni, batakuya kuigombeza wapi? Ku Bulaya?" Ukumbi wote ulicheka, isipokuwa safu ya mbele, walipoketi wakubwa wa kampuni.

Mwezi wa Aprili mwaka huu hatukucheka tena. Mama Espérance, muuza unga, alifiwa na mume. Aliomba maji, akajibiwa na kampuni kwamba zamu ni zamu, asubiri. Mjane, ambaye kwetu haondoki kwenye mkeka, akainuka mwenyewe na bidoni kuzungukia majirani, huku wageni wamejaa uwanjani kwake. Ilituuma, na bado inatuuma. Papa Adalbert alifika mchana kweupe, mlinzi wa kampuni akimkodolea macho, akafungua vali. Akaandikiwa barua ya kumtaka ajieleze, ile ambayo sisi wengine huijibu kwa Kifaransa kirefu cha kuomba radhi. Yeye alijibu hivi: "Muntu alikufa. Nilifungula mayi."

Sasa tunaambiwa kwamba akiondoka nafasi yake inafutwa, na Katuba itabaki kwa kampuni moja kwa moja. Wanasema serikali haijui biashara. Sawa, na nani aliwaambia kilio ni biashara? Huduma yetu imechoka, hatubishi. Tupeni hizo pampu sisi, tuitengeneze. Kuiuza hatukubali, na tunaandika hapa, kwenye programu ya sherehe yenyewe, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Papa Adalbert, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa ukaidi uliotuambukiza. Tunakuombea afya njema, wajukuu wengi na usingizi mtamu pamoja na Mama Madeleine. Usiwe na wasiwasi na Katuba. Kesho, Ijumaa asubuhi, Virginie Mukuka, uliyemfundisha kazi mwenyewe, atasimama kwenye vali, nafasi iwepo isiwepo. Wakitaka kumwandikia barua ya kujieleza, walete za kututosha sote.