Neno Lililogoma Mbele ya Madaktari

Mwangaluka, wapendwa. Mnaonifahamu mnajua nina kigugumizi tangu utotoni, kwa hiyo leo ibada itachelewa kidogo kuisha.

Mwaka wa pili wa udaktari, kwenye mtihani wa mdomo, nilikwama. Mwalimu alisubiri, akatazama saa, akaita mwingine. Nikafungasha, nikarudi hapa Bariadi na kumdanganya mama kuwa chuo kimefungwa. Tulipalilia pamba wiki mbili bila yeye kuniuliza kitu. Siku moja akaegemea jembe, akasema, "Mwanangu, chuo kimefungwa kwa wote au kwako tu?"

Ndugu zangu, nawaambia, nililia palepale shambani. Nikamweleza yote.

"Kesho unarudi," akasema. "Magugu haya nitayamaliza mwenyewe."

Nilirudi, nikarudia mtihani, nikafaulu. Mwaka wa nne nikaenda kijiji cha Sola kufanya utafiti juu ya wakulima wanaopiga dawa ya pamba bila kinga, halafu wanachelewa kufika hospitali wakidhurika. Muuguzi wa zahanati ya pale, mama wa ajabu kabisa, alinisimamisha kila siku ya kliniki mbele ya akina mama niwaeleze hatari ya dawa ile. Nikikwama, yeye aliendelea tu kupima watoto uzito, kana kwamba hakuna lililotokea. Miezi mitatu hivyo.

Utafiti ukachaguliwa usomwe kwenye kongamano la madaktari. Ukumbi umejaa, mimi nimevaa gauni la kuazima. Neno la kwanza kabisa, "wakulima", likagoma. Mwenyekiti akaniinamia kwa upole.

"Binti, mwenzako akusomee?"

Mlango ulikuwa karibu, nisiwafiche. Nikashika meza kwa mikono miwili.

"Ha-hapana. Nitasoma mwenyewe."

Nikasoma mpaka mwisho, nikapitiliza muda. Kisha daktari bingwa mmoja mzee akasimama. Nikajua atauliza habari ya ulimi wangu. Akauliza wakulima wale glavu watazipata wapi. Tukajadiliana, mimi na yeye, kama watu wa kazi moja.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi wa Sola. Namshukuru mama, yule pale anayejifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Nanyi nawaomba jambo moja. Mkimwona mtoto amekwama kwenye neno, msimmalizie. Msubirini. Analo la kusema.