Maua ya Bachuli Devi na Kizingiti cha Nyumba ya Juu

Ndugu, majirani, na ninyi wa nyumba ya juu mliosimama pale ukutani, haya ndiyo maisha ya mama yetu, na mwanawe wa kwanza, Dhirju, ndiye anayewasomea.

Marehemu Bachuli Devi alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 hapa Simalkhet, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mangu Das, katika ukoo wetu wa wapiga ngoma na washonaji, ambao watu wa tabaka la juu huuita najisi, akaanza shule ya kijiji mwaka 1958 na kuishia darasa la tano, miaka yote akikaa mlangoni, kwa kuwa mkeka ulikuwa wa watoto wa wengine.

Alfajiri ya tarehe 14 Machi 1960, siku ya kwanza ya mwezi wa Chait unaofungua mwaka wetu, alipanda mlimani kama watoto wote kuchuma maua ambayo nyuki hajayagusa, akapita nyumba kwa nyumba akiyaweka vizingitini ili wenye nyumba wapate heri ya mwaka, nao wampe mchele na sukari guru. Kule nyumba ya juu, bi mkubwa aliyaacha maua ya wenzake, ya kwake akayafagia, akakiosha kizingiti kwa maji na mavi ya ng'ombe ili kukitakasa, akamrushia mchele kwa mbali na kumwambia, "Ya kwako peleka zizini!" Mtoto wa miaka minane akaokota mchele ule punje kwa punje, maana nyumbani kulikuwa na njaa. Inatia kinyaa hata kuisoma.

Tangu mwaka 1966 alishona nguo na kusuka vikapu, na maharusi wa nyumba ile ile walivaa nguo zake mpaka hekaluni, na maua waliyoyapokea kila mwaka yalibebwa katika vikapu vyake. Mikono yake haikuwa najisi hapo. Ilikuwa najisi alipotaka kutoa heri tu.

Tarehe 2 Mei 1969 aliolewa na Gabru Das, mpiga ngoma, aliyefariki mwaka 2006, wakajaliwa watoto wanne, watatu kati yao wako hai, na wajukuu saba.

Mapafu yalianza kumsumbua Desemba mwaka jana, akalazwa hospitali ya wilaya, akarudishwa nyumbani Februari. Tarehe 14 Machi mwaka huu, akiwa kitandani, alimpa mjukuu wake Rajmati kikapu cha maua na kumtuma milango yote, bila kuruka hata mmoja. Mtoto alirudi amenuna.

"Bibi, nyumba ya juu wameosha kizingiti. Tena walingoja nigeuke kwanza."

Hayo ndiyo maendeleo yetu ya miaka sitini na minne. Na huyu Dhirju, mwanamume mzima mwenye mvi, akasema, "Mama, yaache, wale ni wazee."

"Nimeyaacha tangu mdogo, Dhirju, yamekwenda wapi? Na wewe bado unakunywa chai yao uani, kwenye kikombe cha peke yako, ukimaliza unakiosha mwenyewe! Nikifa, wasiniwekee hata jani."

Dhirju alijichukia, na tangu siku hiyo hajakanyaga uani kwao.

Marehemu alifariki tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rajmati.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba kwenye machela hadi barabarani mara tatu bila kuombwa, na washonaji wenzake waliomaliza kazi zake bila kuchukua ujira.

Ninyi wa nyumba ya juu hatuna cha kuwashukuru. Shada mlilotuma leo ni kubwa na zuri, nalo limekaa pale chini tangu asubuhi, kwa sababu hapa hakuna wa kulipokea. Tunaomba mlichukue mwondoke nalo sasa hivi, kabla hatujaunyanyua mwili.

Mama, pumzika kwa amani. Tunasubiri waondoke, ndipo tukubebe.