Bahari ya Firuz Khan

Benchi letu liko Mtaa wa Ferdowsi, mbele ya duka la saa la mwenzetu tunayemwita Redio, mkabala na lango la chuma la hazina ya taifa. Chini ya lango hilo, chini kabisa ardhini, yamelala mataji ya wafalme, panga za almasi, na tufe la dunia la dhahabu lililojaa vito. Huku juu, ng'ambo ya barabara, tumekaa sisi, kipande cha sukari kati ya meno, chai inapita, maneno yanapita.

Alasiri moja tulikuwa tunaagana na Firuz Khan, mpachika vito mstaafu. Kesho yake angehamia Shiraz kwa binti yake, na alitaka jambo moja tu kabla ya safari: tukubali kwamba bahari ya lile tufe ni ya kijani. Babu wa babu yake alikuwa miongoni mwa mafundi waliolipachika vito, na habari hiyo ilirithiwa nyumbani kwao kama shamba. Sisi tulimcheka miaka yote.

— Bahari ya kijani ni bwawa la vyura, Firuz wangu, alisema Redio.

— Ni zumaridi, bwana. Bahari zote.

Mhandisi, ambaye hajajenga hata banda la kuku, alisema ni almasi tupu zinazomulikwa kwa taa ya buluu. Redio akasema hapana, inabadilika rangi kwa majira. Mhandisi hakukubali kushindwa. Akadai vito vile vina joto, ndiyo maana theluji huyeyuka mtaani kwetu kabla ya kwingine. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Tabriz, mfuko wa njugu za pista mkononi.

— Samahani, kina baba. Nikishaingia, tufe liko upande gani?

Redio akachungulia ndani ya gilasi yake. Mhandisi akanyoosha kidole kulia, akakirudisha. Firuz Khan akainamisha kichwa.

— Tuliwahi kwenda, nikamwambia yule mama. Tulifika mlangoni. Nikamwomba Redio atangulie, Redio akamwomba Mhandisi, Mhandisi akamwomba Firuz Khan, naye akasema haiwezekani atutangulie. Tulibembelezana mpaka wakafunga.

Mama hakucheka. Alisema tu kwamba leo pia wanakaribia kufunga. Tukainuka wote, tukavuka barabara.

Mlinzi akamwingiza mama, kisha akatutazama.

— Imebaki nafasi moja.

— Tafadhali, Redio, tangulia, nikasema.

— Nikutangulie, kama ninayetembea juu ya macho yako? Mhandisi, tafadhali.

— Siwezi. Firuz Khan, wewe ndiye mkubwa wetu.

Hapo, kwa adabu zetu, ilikuwa zamu yake kukataa. Midomo yetu ilishafunguka kumbembeleza.

— Asanteni, akasema Firuz Khan, akaingia.

Tulibaki pale midomo wazi.

— Hakukataa hata kidogo, alinong'ona Redio, kama mtu aliyeona jua likichomoza magharibi.

Tulirudi kwenye benchi, tukanywa chai. Alipotoka alikaa mahali pake pa siku zote. Redio mwenyewe akammiminia chai, na ya moto.

— Haya, sema.

Firuz Khan akaweka sukari kati ya meno, akanywa, akamaliza.

— Kijani, akasema. Na vyura hakuna.