Mbege ya Kuruta

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Kama huamini, panda Uru ukaulize. Benchi bado lipo pale njia panda, mbele ya kibanda changu cha kahawa, na waliolikalia siku hiyo bado wanapumua. Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na sita. Mektrida, mjane wa Yakobo, alikuwa ameomba aandikwe chama cha mfongo, ule mfereji wetu unaoshuka toka msituni. Asiyeandikwa hapati zamu ya maji. Zamu ya Yakobo ilizikwa naye, na migomba ya mkewe ilishaanza kulala chini.

Mwanachama mpya tunamwita kuruta. Kwa kubishania neno hilo moja wanaume watatu walininywea birika zima asubuhi, nikachemsha la pili.

Sajenti, yaani Eliamini, katibu wa mfongo aliyepigana Uganda, alisema neno ni la jeshini, la Waingereza, na maana yake ni mtu aliyenyolewa kichwa. Mwanamke hanyolewi, basi hawezi kuwa kuruta.

— Mektrida si alinyoa kwenye msiba? nikamuuliza.

— Mama, kile ni kipara cha majonzi. Hakina namba.

Sirili tulimwita Askofu, kwa vile alipiga kengele ya kanisa miaka kumi. Yeye aliapa kwamba ni Kilatini, na kwamba makuruta wa kwanza ni mitume.

— Kumi na wawili, wote wanaume. Hesabu mwenyewe.

— Na chakula chao alipika nani?

Askofu akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Akabaki Wenseslaus, tuliyemwita Mzani kwa kuwa aliwapimia kahawa wale wanunuzi binafsi waliojaa barabarani siku hizo. Alisema neno ni letu, la shambani. Mbuni ukizeeka unaukata, kisiki kinachipua. Lile chipukizi ndilo kuruta. Wazungu walilikuta hapa, wakalibeba pamoja na kahawa.

— Kahawa si waliileta wao? Sajenti akamuuliza.

— Basi walikuwa wanairudisha.

Huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote, na ndio nilioupenda. Yakobo si ndiye kisiki, na mkewe chipukizi?

Mara Mektrida akatokea na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akaniamkia shikamoo, akawasalimu wale, akauliza kama ameandikwa. Sajenti akakohoa. Akamweleza kwamba tatizo si yeye, ni desturi: kuruta huja na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na hiyo mbege hapiki mwenyewe, hupikiwa na mkewe.

Mektrida akatua mzigo.

— Shemeji, mwaka ulioingia wewe mkeo alikuwa amejifungua. Mbege yako nilipika mimi. Ya Sirili, hajaoa bado, nikapika mimi. Sasa yangu atapika nani?

Wenseslaus alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba ameangusha kitu. Askofu alitazama mlima, na mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Sajenti akaninyooshea kikombe niongeze.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa nusu.

Nilikuwa na ulezi wangu ndani, umeota tayari na kukauka, bado kusagwa tu. Nikautia kikapuni, nikamwambia Mektrida atangulie akachemshe ndizi. Nikatoka, nikafunga mlango.