Kiti cha Mbele

Kibwana alisuuza kikombe, akanimiminia kahawa, akanisogezea kipande cha kashata bila kuniuliza kama nakitaka. Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida jioni ile. Tulikuwa kwenye benchi lake nyuma ya soko la samaki la Bagamoyo, Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na nne. Mchana nilikuwa nimeshindana na mashua ndogo za klabu ya Wazungu kutoka Dar es Salaam. Niliongoza mpaka kwenye boya, kisha zote zikanipita. Mji mzima ulikuwa umekuja ufukweni kuniona nikishinda. Sasa benchi lilitaka kujua nani wa kulaumiwa, na halikuona haja ya kuniuliza mimi.

Aliyeanza ni Bwanausi, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Wale wamepaka kitu chini ya mashua zao. Mafuta ya nyangumi. Nimeona maji yalivyokuwa yakiwapisha.

Martini, karani wa mahakama, ambaye kijiweni alikwisha kupandishwa cheo akawa Hakimu, alisema mafuta si hoja. Lililosogezwa ni boya. Alipoulizwa nani alilisogeza, akawaza kidogo, akasema ni mtu aliyekuwa chini yake.

— Chini ya maji?

— Chini ya maji. Wana mavazi yao. Unadhani vitani walishindaje?

— Basi ndiye yule niliyemwona, akasema Redio. Alikuwa anapumua kwa mrija.

Kibwana akacheka. Mimi niliijua sababu. Mashua yangu niliiunda mwenyewe kwa kufuata mchoro. Mimi si mtu wa bahari, nilijifunza ukubwani, baada ya kurudi kutoka Makerere. Ni chombo cha watu wawili. Mmoja hushika usukani na tanga kubwa. Wa pili hukaa mbele na tanga dogo, na upepo ukizidi hujining'iniza nje ya ubavu, uzito wake uizuie mashua isilale. Nilipolizunguka boya upepo ulizidi. Mbele hapakuwa na mtu. Ilinibidi nilegeze tanga kubwa nisipinduke, na tanga dogo likabaki kupigapiga kama nguo kwenye kamba, huku wenzangu wakinipita wawili wawili. Mmoja wao alinipungia mkono.

Kiti kile kilikuwa cha mke wangu, Eufrazia. Tulimzika wakati wa masika.

Wa mwisho kusema alikuwa Mwinyimvua, nahodha wa zamani, ambaye tangu aache bahari hakubanduka kwenye benchi lile. Ndiyo maana akaitwa Nanga.

— Nyinyi mnazunguka tu. Chombo kinamjua mwenyewe. Kile kilifika kwenye boya kikasimama kumngoja marehemu. Mimi nasema ni yeye aliyekishika.

Niliweka kikombe chini.

— Nani aliyekishika?

— Marehemu, Mwalimu. Mama wa nyumbani kwako.

— Alikuwa na jina. Litaje.

Nanga akaitazama kahawa yake.

— Bi Eufrazia.

— Hakuishika. Yeye ndiye aliyekuwa akiizuia isilale. Nanyi mlikaa hapa hapa mkamcheka, mkasema Mwalimu kaoa baharia. Leo amekufa, mnamtwisha kushindwa kwangu.

Nilisema kwa sauti ya chini. Hasira hainipi sauti kubwa. Hunipa sentensi kamili. Hakimu akaniomba nisiyachukue hivyo, kwamba watu wanapiga soga tu, na Redio akarudi haraka kwa mtu wake wa mrija.

Wakati huo aliketi mgeni, Rajabu, shemeji yake Kibwana, aliyeteremka kutoka Kiwangwa na mananasi yake na kuyaona mashindano yale kwa mara ya kwanza. Aliwaamkia wakubwa, akapewa kikombe, akaisikiliza habari ya mzamiaji kwa heshima mpaka ikaisha. Kisha akauliza.

— Samahanini, mie mtu wa shamba. Zile za wageni zote zilikuwa na watu wawili. Mwalimu wetu alikuwa peke yake. Mbona hakupanda naye hata mmoja wenu?

Wiki iliyotangulia niliwaomba pale pale. Redio alitaja goti lake. Hakimu alisema hajui kuogelea. Nanga peke yake alisema kweli: mwanamume akikaa mahali pa mke wa mtu, mji utamwita Bi Mwalimu mpaka siku ya kufa kwake. Walicheka wote. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka majini peke yangu.

Nilingoja wamweleze Rajabu hayo. Redio alijipapasa goti, nadhani lile lililo zima. Nanga hakuinua uso. Hakimu akasukuma kikombe chake mbele, Kibwana akainamisha dele la kahawa, likatoa matone.

— Imekwisha, akasema Kibwana.

Niliondoka bila kuaga.

Asubuhi yake kengele ya misa ya kwanza ililia, nami sikwenda. Nilishuka ufukweni nikiwa na nia ya kung'oa mlingoti. Mashua ilikuwa juu ya mchanga, na Nanga alikuwa ndani yake, amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini. Wanawake waliokuja kununua samaki walikuwa wamemzunguka, na tayari mmoja wao, Somoe, alikuwa akimwita Bi Mwalimu. Hakugeuka.

Nilimpa shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Akaitikia marahaba.

— Toka hapo, nikamwambia.

Alitoka polepole, akaanza kupanda kurudi mjini. Nikamwita, nikamkabidhi usukani. Tukaisukuma mashua mpaka ikaelea, nikapanda, nikakaa mbele, mahali pa mke wangu, nikalishika tanga dogo.