Daktari Aliyemaliza Mshono

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, daktari mpasuaji wa wodi yetu ya wazazi anatundika koti jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Tulimwita Mama Taratibu, kwa kuwa akishika sindano hakuna aliyeruhusiwa kukimbia, kupiga soga wala kupiga chafya. Chafya, alisema, iombewe ruhusa.

Miaka ile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilikuwa hazijatufikia. Glavu tulifua, tukaanika, tukavaa tena. Wapo waliowakwepa wagonjwa wa Ukimwi, na hofu yao tuliielewa. Yeye alivuta kiti, akakaa nao, na waliohitaji kupasuliwa akawapasua.

Mwaka wake wa sita aliletwa mama mwenye Ukimwi, mtoto amekwama. Mtoto alipokwisha kutolewa, muuguzi mpya alimkabidhi daktari vibaya sindano ya kushonea. Ikapenya glavu, ikamchoma kidole cha shahada. Muuguzi huyo ni mimi ninayeandika haya.

Daktari alitoka, akanawa kwa maji mengi na sabuni, akavaa glavu nyingine, akarudi mezani.

"Tumbo la huyu mama bado liko wazi," aliniambia. "Tumalize mshono. Mimi na wewe tutalia baadaye."

Dawa za kinga kwa aliyechomwa hazikuwepo. Kilichokuwepo ni kusubiri miezi sita na kupimwa mara tatu. Jioni ileile alimwachisha ziwa kitinda mimba wake, wa miezi mitano. Mumewe, fundi cherehani, alimwambia kwamba yeye huchomwa na sindano kila siku na hakuna anayempa pole. Wakacheka, kisha wakashikana mpaka chai ikapoa.

Jumatatu alirudi kazini, akaagiza nimpe vifaa mimi.

"Sindano weka kwenye sahani," alisema. "Nitaichukua mwenyewe."

Tangu siku hiyo, hospitalini kwetu sindano haitoki mkono hadi mkono.

Majibu ya mwisho yalikuwa safi. Aliyasoma, akayakunja, akaenda kuzungukia wodi. Baadaye alisumbua kila ofisi mpaka kila chumba kikapata sanduku la kutupia sindano, na dawa za kinga zikawekwa karibu. Wenzetu kumi na tisa wamechomwa tangu hapo. Kila mmoja alipomeza kidonge cha kwanza, yeye alikuwa ameketi pembeni yake. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Daktari, sijawahi kukuomba msamaha. Kila nilipoanza, ulinituma kitu. Leo huna pa kunituma. Nisamehe, na asante. Sisi sote wa wodi tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha na wanao.